Msituulize tu kama inawaka: barua ya wazi kwa wakuu wa kazi za msituni

Kwenu mameneja wa misitu, wenye kampuni za uvunaji, wakandarasi, wasimamizi na kila mwenye kauli ya mwisho juu ya mashine tunazoingia nazo msituni.

Salamu nyingi.

Mimi ni mkataji miti. Huu ni mwaka wa 14 nashika chenso, ule msumeno wa injini unaokata kwa cheni yenye meno, na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi, yule anayebeba dumu la petroli, kabari na shoka, na kumwangalizia mkataji mti unaelemea wapi. Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu. Mashine ikiharibika msituni, na hasa ikimuumiza mtu, neno la kwanza linalotoka ofisini huwa ni uzembe. Mkataji alizembea. Dereva hakuwa makini. Fomu inajazwa, inaandikwa ajali, faili linafungwa, na mashine ileile inapulizwa vumbi na kukabidhiwa mtu mwingine. Mimi nasema kwamba ubovu mwingi unaotuangusha haukuanza siku ya tukio. Ulianza wiki kadhaa nyuma. Mtu aliuona, akausema, mara nyingi hata akauandika. Aliyekosekana ni mwenye mamlaka wa kusema: hii isiingie kazini, na spea hii hapa.

Tukiwaletea habari ya mashine mbovu, swali lenu huwa moja: "Inawaka?" Ikiwa inawaka, kazi iendelee. Nawaomba mnisikilize juu ya swali hilo, maana majeraha mabaya niliyoyaona msituni yalitokana na mashine zilizokuwa zinawaka vizuri kabisa.

Chukueni breki ya cheni. Mbele ya mpini wa juu wa chenso kuna kinga ya mkono. Kinga hiyo ikisukumwa mbele, springi inafyatuka na kubana bendi ya chuma inayozunguka ngoma ya kluchi, na cheni inasimama papo hapo. Chenso ikimrukia mtu, kinga inasukumwa na mkono wake mwenyewe au inajifyatua kwa uzito wake kabla hajajua kinachotokea. Akseleta ikiwa imebanwa mpaka mwisho, cheni hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Hakuna binadamu mwenye wepesi wa kuikwepa. Ndiyo maana breki ikawekwa.

Bendi hiyo huchakaa. Huingiwa na oili na unga wa mbao, hukonda, na springi nayo huchoka. Kuijaribu hakuhitaji fundi: washa injini, shika mipini yote miwili, bana akseleta, sukuma kinga kwa kifundo cha mkono, uone kama cheni inasimama au inaendelea kutembea. Kwenye chenso namba 2 ya timu yetu, cheni ilikuwa inaendelea kutembea. Niliandika kwenye daftari la ubovu: breki inachelewa. Baada ya wiki mbili nikaandika: breki haishiki. Mara ya tatu niliandika kwa herufi kubwa kwamba tunaomba bendi ya breki na springi yake, vitu ambavyo vyote viwili vinaenea kwenye kiganja. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwamba spea imeshaagizwa, tumalize kwanza kitalu kile, malori yanasubiri magogo.

Mwenzangu alikuwa anapogoa kwa chenso hiyo matawi ya mti ulioanguka. Chini ya majani kulikuwa na gogo la zamani ambalo halikuonekana, na ncha ya baa, ule upanga wa chuma unaobeba cheni, ikaligusa kwa robo yake ya juu. Kila mkataji anaijua robo hiyo. Jino likigota hapo halikati, linakwea, na nguvu yote ya injini inaigeuza chenso juu na nyuma kuelekea kwa aliyeishika. Mimi nilikuwa hatua kama thelathini kutoka hapo, nanoa. Nilichosikia kwanza ni sauti ya injini kupanda ghafla, kama inavyopanda cheni inapotoka kwenye mti na kubaki hewani. Kisha ikazima. Nilipoinua kichwa nilimwona amekaa chini, ameshika bega la kushoto kwa mkono wa kulia, kofia ngumu imeviringika mpaka kwenye kisiki. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Kaka, nifunge."

Jaketi lilikuwa limechanika kuanzia begani mpaka karibu na shingo, na nyuzi za kitambaa zilikuwa zimejisokota kwenye cheni pamoja na maganda ya mti. Nilikandamiza kidonda kwa mikono miwili huku msaidizi akichana pakiti ya bandeji kwa meno. Gari la timu lilikuwa limekwenda kufuata dizeli ya trekta. Tulimbeba kwa machela ya fito mbili na makoti mawili mpaka barabara ya magogo, na kila tulipomtua tupumzike aliuliza kama mkono bado upo.

Mkono upo, ila hauinuki kupita kifua. Hashiki tena chenso. Taarifa iliandikwa kwamba alishika mashine isivyo sahihi, na katika siku zote za kuiandika hakuna aliyekuja kuijaribu breki. Jioni ileile nilikwenda mwenyewe stoo, nikaivuta kinga nyuma, nikaisukuma mbele. Ilicheza huku na huku kama mlango uliotoka bawaba. Haikubana kitu. Bendi mpya ilifika siku ya nne yake.

Nimesimulia kirefu kwa sababu hizo siku nne zinaniuma kuliko yote. Zinaonyesha kwamba kile kipande kilikuwa kinapatikana.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halionekani vizuri mtu akiwa mezani, nalo ni hili: mashine ikifa, kazi haifi. Inahamia kwenye njia ya hatari zaidi. Nitatoa mfano wa mti ulionasa, yaani uliokatwa lakini ukaegemea mwenzake na kukataa kushuka. Kanuni zote za kazi yetu zinasema hivi: usipite chini yake, usikate mti unaouegemea, usiupande, uvute ukiwa mbali kwa winchi, ile mashine ya kwenye trekta inayovuta kwa waya wa chuma. Kanuni nzuri, na kila mwaka tunasomewa. Sasa winchi ya trekta imekufa siku ya Jumatatu, kluchi yake imeungua. Jumanne mti wa kwanza umenasa. Tunaufungia utepe, tunahama. Jumatano wa pili, Alhamisi wa tatu. Ijumaa msimamizi anakuja na kuuliza kwa nini kitalu hakijaisha, na hapo ndipo mtu mwenye watoto wanaomsubiri anaposhika chenso na kwenda kukata mti ule ulioshikilia mwenzake, tani nzima ya mti ikiwa imening'inia juu ya kichwa chake. Akiangukiwa, mtaandika kwamba alikiuka kanuni. Ni kweli alikiuka. Lakini kluchi ya winchi iliyolala siku tano imeandikwa wapi kwenye taarifa hiyo?

Hali ni hiyohiyo kwa vitu vidogo. Kabari za plastiki zikiisha, mtu anagongomea kabari ya chuma, cheni inaigusa na kukatika. Chenso nzima ikipelekwa kwa fundi, ile iliyowekwa pembeni kwa ubovu inarudishwa kazini. Filta ya hewa ikiziba na hakuna nyingine, inatolewa, injini inavuta unga wa mbao siku nzima, na mwezi haupiti silinda imekwaruzika. Kipimo cha kunolea kikipotea, watu wanakata kwa macho vile vijino vinavyopimia kina, ambavyo kwa cheni nyingi hutakiwa viwe chini ya makali kwa takriban milimita 0.65 tu. Wakivishusha kupita hapo, jino linauma mti kwa pupa, mashine inatikisika, na hatari ya kuruka inaongezeka. Kipimo chenyewe ni kipande cha bati.

Nikiwa bado kwenye winchi, niseme na juu ya waya. Mara nyingi waya wa chuma haukatiki bila taarifa. Nyuzi zake zinaanza kukatika moja moja, zinatoka nje kama miiba na kushika glavu. Kisha panatokea mahali palipokunjika, pamebonyea, pameota kutu. Mtu anayeufahamu waya anaupitisha mkononi kila asubuhi na kujua. Ukivuta gogo kwa waya wa namna hiyo, nguvu inajilimbikiza ndani yake, na ukikatika unarudi kama mjeledi, huwezi kuona unakopita. Tumefundishwa kusimama kando na mbali, tusikae kwenye kona ambayo waya umejikunja, na tusivuke waya ukiwa umekazwa. Tunafanya hivyo. Lakini dereva wa trekta amekaa mstari mmoja na waya huo, na kwenye trekta tuliyonayo wavu wa chuma wa nyuma ya kiti ulivunjika, ukatolewa, haukurudishwa. Aliyeutoa alisema unazuia kuona. Aliyepaswa kusema urudishwe hakusema.

Na trekta lenyewe. Likipinduka kwenye mteremko, kinachomwokoa dereva ni kiunzi cha chuma kilichomzunguka pamoja na mkanda wa kiti. Uswidi iliamua mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liuzwe likiwa na kiunzi hicho, na katika miaka iliyofuata vifo vya madereva waliopindukiwa na matrekta vilishuka sana huko. Madereva hawakubadilika kuwa malaika. Yalibadilika matrekta. Sisi mkanda wetu umefungwa fundo kwa sababu kibanio chake kilivunjika, na mkanda wa fundo dereva hawezi kuufungua haraka moto ukitokea, kwa hiyo haufungi kabisa.

Nisije nikaonekana naandika habari za wenye ofisi peke yao. Na sisi tuna yetu. Nimeshawahi kufunga kwa waya kile kitufe cha nyuma kinachozuia akseleta isibanwe kwa bahati mbaya, kwa sababu springi yake ilikuwa imekatika na kidole kilikuwa kinaniuma. Nilikata hivyo siku mbili. Nikijikwaa nimeshika chenso ya namna hiyo, hakuna kinachozuia cheni kuanza kuzunguka. Nilikosea, na kama ningeumia sehemu ya kosa ingekuwa yangu. Wapo pia wanaoona kunoa ni kupoteza muda, wanakata na cheni butu inayotoa unga mwembamba badala ya vipande, wanaikandamiza mashine kwa nguvu za mgongo mpaka baa inabadilika rangi kwa joto. Hao tunawasema wenyewe kwa wenyewe, na tutaendelea kuwasema.

Ila mjiulize kwa nini mtu mzima anayejua kazi yake anafanya hivyo. Tunalipwa kwa mita za ujazo. Nusu saa ninayokaa kwenye kisiki na tupa nikinoa, nikigeuza baa upande wa pili ili isiliwe upande mmoja, nikisafisha tundu la oili ya cheni na kupukuta filta, ni nusu saa isiyo na malipo. Mashine ikinifia mkononi saa nne asubuhi, siku yangu imekwisha kwa mkate wa saa nne hizo, ingawa si mimi niliyeinunua wala niliyekataa kuibadilisha. Mbaya kuliko hapo ni ile kanuni ya kumkata mtu mshahara kwa kifaa kilichoharibika mikononi mwake. Naiita mbaya bila kusita, kwa kuwa nimeona inavyofanya kazi. Haimfundishi mtu kutunza mashine. Inamfundisha kuficha. Baa imepinda, anainyoosha kwa nyundo nyuma ya mti. Chenso imeanguka na kasha la kluchi limepata ufa, analipaka grisi ili ufa usionekane. Mwenzake anaichukua kesho yake bila kujua kilichofichwa, na daftari la ubovu linabaki safi, mkidhani mambo ni shwari.

Mfano mmoja wa kuficha nusura umalize mtu. Kulikuwa na madumu mawili yanayofanana, moja la petroli tupu na jingine la petroli iliyochanganywa na oili. Hayakuwa na alama. Kama mnavyojua, injini ya chenso haina oili yake ndani, inalainishwa na ile inayochanganywa kwenye petroli: mashine nyingi za sasa zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili maalumu, yaani mililita 20 kwa kila lita. Kijana mmoja alijaza petroli tupu. Aligundua kwa rangi alipokuwa anafunga kifuniko, lakini wiki ile ile mtu alikuwa amekatwa mshahara kwa injini iliyonoki, akaogopa kusema. Akaondoka nayo akiomba isife. Ilikufa katikati ya mkato wa nyuma, ule wa mwisho unaouangusha mti. Pistoni ikang'ang'ania kwenye silinda, cheni ikasimama ndani ya mti, na mti ukabaki umesimama juu ya kipande kilichobaki kama bawaba, kinene kuliko kilivyotakiwa lakini kisichotosha kuushikilia upepo ukija. Chenso nyingine ilikuwa upande wa pili wa kilima. Tuliwaondoa watu wote umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, tukakaa tunautazama mti unapumua. Sijui neno jingine. Kila upepo ulipopita ule mkato ulifunguka na kufunga, unasikia nyuzi za mti zinalia. Chenso ilipofika, fundi mzee wa timu aliumaliza kwa mkato mfupi na kabari mbili, akarudi nyuma kwa hatua alizokuwa amezisafisha kabla. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna taarifa iliyoandikwa. Kilichoandikwa ni injini moja, na jina la kijana, na kiasi atakachokatwa.

Madumu yaliendelea kukosa alama mpaka tulipoyapaka rangi wenyewe.

Na yapo madhara yasiyo na siku ya tukio. Kati ya mipini na injini ya chenso kuna mipira au springi za kupunguza mtikisiko. Zikikatika, mashine inawaka kama kawaida, inakata kama kawaida, na mtikisiko wote unahamia mikononi. Miaka ikienda, mishipa midogo ya damu ya vidole inaharibika. Asubuhi ya baridi vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vinakuwa vyeupe kama chaki, havisikii kitu, siwezi kufunga kifungo cha shati mpaka nivipashe joto. Mpira mmoja wa kuzuia mtikisiko unabadilishwa kwa bisibisi kwa dakika chache. Vidole havibadilishwi.

Hata suruali ya kinga ni kifaa, nayo ina ukomo. Ndani yake kuna matabaka ya nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa zinavutwa nje, zinajaa kwenye gia ya cheni na kuisimamisha. Ikishafanya kazi hiyo mara moja imekwisha, inatakiwa itupwe. Sisi tunazo zilizoshonwa.

Ninayoyaomba si fadhila, na sikuyabuni. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 155 wa usalama na afya kazini. Ibara ya 16 inamtaka mwajiri ahakikishe, kadiri inavyowezekana kwa hali ya kawaida, kwamba mashine na vifaa vilivyo chini yake ni salama. Ibara ya 13 inasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Ibara ya 21 ni fupi kuliko hizo mbili na ndiyo ningependa ibandikwe mlangoni mwa stoo: hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa kanuni na haki za msingi za kazi, na mkataba huo ukawa mmoja wa mikataba ya msingi. Kwa kazi yetu hasa, tangu 1998 upo mwongozo wa ILO wa usalama na afya katika kazi za misitu. Nautaja mkataba wa 1981 kwa makusudi, maana ule wa usalama na afya katika kilimo, namba 184 wa mwaka 2001, unasema wazi kwamba haugusi uvunaji wa misitu wa kiviwanda. Msituambie tuko chini ya kanuni za mashambani.

Basi tunaomba hivi. Kila timu iwe na chenso moja ya akiba iliyo nzima, isiyotumika mpaka nyingine itoke. Liwepo sanduku la spea linalokaa msituni tulipo sisi, lenye cheni, plagi, filta, kamba ya kuwashia, bendi ya breki, springi zake, mipira ya mtikisiko, tupa na kipimo chake, kabari za plastiki, na ile pini ya kunasia cheni iliyo chini ya mashine, ambayo cheni ikikatika huizuia isimfikie mkataji mkononi. Nusu saa ya matunzo kila asubuhi ihesabiwe kuwa kazi na ilipwe. Mashine iliyoandikwa kwenye daftari kwamba breki, waya au kinga yake haifanyi kazi ifungwe kitambaa chekundu, na asiwepo wa kukifungua isipokuwa aliyeitengeneza, akatia sahihi. Mwenye daftari alisome kila siku na kuandika jibu, hata kama jibu ni "bado". Kukatwa mshahara kwa ubovu kukome. Winchi ikifa, lengo la kitalu lishuke siku hiyohiyo, kwa maandishi, ili msimamizi naye apate pa kusimamia, kwa sababu najua naye anasukumwa kutoka juu. Na gari lisitoke msituni watu wakiwa wanakata.

Naongeza moja ambalo kwangu ni la kwanza: mtu akiumia, kabla hamjaandika alikosea nini, mashine iliyomuumiza ifunguliwe mbele ya wenzake, ipimwe kipande kwa kipande, na kurasa za daftari za miezi mitatu iliyopita zisomwe kwa sauti.

Najua mtasema spea ni gharama na mashine ya akiba ni mtaji uliolala. Nimefanya kazi chini ya mkandarasi mmoja aliyekuwa na sanduku la namna hiyo, na sababu aliyotupa haikuwa ya huruma, ilikuwa ya hesabu: alichoka kulipia malori yaliyosimama. Kule tulikata zaidi. Siku mashine ilipotufia tulibadilisha kipande, tukanywa maji, tukaendelea. Sikumbuki siku tuliyoingia chini ya mti ulionasa.

Nimeandika barua hii usiku, daftari la ubovu la timu yetu likiwa mbele yangu. Leo lina mistari minne ambayo haijatiwa sahihi na yeyote. Chenso namba 1, pini ya kunasia cheni imevunjika. Chenso namba 3, cheni inatembea hata akseleta ikiwa imeachiwa. Waya wa winchi, nyuzi zimekatika karibu na ndoano. Trekta, mkanda wa dereva. Mstari wa zamani kuliko yote una siku 19. Mashine hizi zote zinawaka, na kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaingia nazo.